Sikio la Apiyo

Harufu ya paini mbichi ikipasuliwa hunikasirisha hadi leo. Njia yangu ya kwenda kazini hupita kwenye yadi za mbao, na asubuhi, malori ya kutoka Kaptagat yakishashusha magogo na misumeno ikaanza kulia, mimi huvuka barabara nikatembea upande wa pili kwenye matope. Wenzangu hudhani naogopa vumbi. Ukweli ni kwamba paini hunuka kama vidole vya dada yangu Apiyo alipokuwa na miaka kumi, alipokuwa akisugua kipande cha utomvu mkavu kwenye nywele za upinde wa vayolini yake. Mtoto huyo wa miaka kumi bado namwonea wivu. Leo ni mama wa watoto watatu, anauza mbolea na dawa za mifugo kule Moi's Bridge, hana vayolini wala hajui iliko ile aliyoipiga. Bado namwonea wivu.

Sisi ni pacha. Yeye ni Apiyo, aliyetangulia, na mimi ni Adongo, aliyebaki nyuma. Kwetu sisi Wajaluo majina hayo hayachaguliwi, huja na watoto wenyewe. Dakika kumi na mbili tu zilitutenganisha, lakini mtu akiitwa Aliyebaki Nyuma tangu siku ya kwanza, dakika hizo haziishi. Majirani wote pale Langas walimwita mama yetu Mama Apiyo. Sikumsikia hata mmoja, hata kwa bahati mbaya, akisema Mama Adongo.

Mama mwenyewe alikuwa na haki iliyopita kiasi. Huko karibu na ziwa alikolelewa, alifunzwa kwamba pacha hawabaguliwi: ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, mmoja wao ataugua, na hutajua ni yupi. Alikuwa na mashine ya kufuma sweta sebuleni, na baridi ya Eldoret ilimpa kazi mwaka mzima, lakini zetu alizifuma mbili kwa siku moja, kutoka uzi mmoja, ili moja isije ikawa na rangi iliyoiva kuliko nyingine. Samaki alimkata katikati, kichwa tukala kwa zamu. Nilipomwagikiwa na uji wa moto mguuni, Mama alinifunga bandeji, kisha akamwita Apiyo akamfunga bandeji kwenye mguu wake mzima. Apiyo alichechemea wiki nzima bila kulalamika. Huyo ndiye mtu niliyekuwa nikishindana naye. Hakujua hata kwamba tunashindana.

Halafu kanisa letu likapata ala. Zilikuja kwenye masanduku ya mbao, kuukuu, nyingine zimekatika nyuzi, na mwalimu wetu wa muziki wa shule ya Jumapili, Mwalimu Njoki, akatangaza kwamba ataanzisha okestra ya watoto. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kamanda, na kila Jumamosi alivaa raba za kukimbilia hata akiwa na rinda. Alituita mmoja mmoja kwenye kinanda, akabonyeza noti moja, akatuambia tuiimbe. Apiyo aliiimba. Mwalimu akabonyeza nyingine, Apiyo akaiimba, kisha nyingine, mpaka Mwalimu akaacha kubonyeza akamtazama tu.

Mimi nilipoimba, alibonyeza ile noti mara tatu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

"Asante, mama. Nenda ukae."

Apiyo akapewa vayolini. Mimi nikapewa soda, kama watoto wengine wote waliokataliwa. Niliibeba hiyo soda mpaka nyumbani bila kuifungua nikaiweka mbele ya Mama kwenye mashine yake, ili aone kwa macho yake kwamba mmoja wetu kapewa ala na mwingine kapewa chupa.

Jumamosi iliyofuata Mama alitutangulia kanisani, sisi nyuma yake na sweta zetu za rangi moja.

"Mwalimu," alisema, "hawa hawatenganishwi. Unachukua wawili ama unaniachia wawili."

"Mama Apiyo, huyu mwingine sikio lake bado halijashika."

"Sijakuuliza mambo ya sikio, yawa. Nimekuuliza ni wawili ama hakuna."

Mwalimu Njoki alicheka, kisha akaona Mama hacheki. Akatazama Apiyo, aliyekuwa ameikumbatia vayolini kama mtoto wa kulea na macho yameanza kulowa. Akaenda kwenye masanduku, akapekua mpaka chini kabisa, akarudi na chuma chembamba kilichokunjwa pembe tatu, kinaning'inia kwenye uzi, pamoja na kijiti cha kukigongea.

"Hii inaitwa pembetatu. Ni ala, kama zile zingine," aliniambia. "Unashika uzi, hushiki chuma. Ukigusa chuma na mkono, sauti inakufa. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia pia yale ambayo hakuyasema. Shuleni kwetu kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na aliyeigonga alikuwa mlinzi wa lango, mzee mmoja mwenye koti la mvua. Mimi nikajua nimeajiriwa kazi ya mlinzi. Wenzangu watapiga muziki, mimi nitagonga. Na hata hiyo kazi sikuipata kwa sikio langu, niliipata kwa sababu Mama anaogopa mtoto ataugua.

Siku karatasi za muziki zilipogawanywa, ya Apiyo ilikuwa imejaa vidoti vyeusi vilivyopanda na kushuka kama siafu waliopata mafuta. Yangu ilikuwa nyeupe. Kulikuwa na mstari mmoja mnene katikati na juu yake namba, 48. Nilijua mara moja hizo ni maksi. Mtoto gani wa shule asiyejua maksi? Nikaikunja nikaificha ndani ya sweta, na jioni Mama alipoidai nikamtolea kwa aibu.

"Arobaini na nane," Mama alisoma. "Si mbaya, nyathina, mtoto wangu. Hesabu ulipata thelathini na tisa." Kisha akageuza karatasi ya Apiyo huku na huku. "Na wewe, zako ziko wapi?"

"Hakunipatia," Apiyo alisema, akaingiwa na wasiwasi.

Nililala vizuri sana wiki hiyo. Angalau mimi nilipewa maksi. Jumamosi ndipo Mwalimu Njoki alipotueleza kwamba ile namba ni idadi ya vipimo vya muziki ambavyo natakiwa kuhesabu nikiwa kimya, wenzangu wakipiga, kabla ya kugonga mara moja. Kumbe hazikuwa maksi. Ilikuwa ni hesabu ya kunyamaza, na mimi ndiye niliyepewa nyingi kuliko mtoto yeyote ukumbini.

Onyesho tulilokuwa tukilifanyia mazoezi lilikuwa la muziki wa katuni za zamani, zile za kuchorwa kwa mkono, ambazo Mwalimu alizipata kwa rafiki yake wa Nairobi. Zingeonyeshwa kwenye shuka jeupe ukutani, sauti yake ikizimwa, na okestra ndiyo ingekuwa sauti. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa sababu picha haimsubiri mtu. Ukichelewa, jogoo ameshawika na wewe bado unatafuta noti ya jogoo.

Katuni ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa. Ilikuwa ya mwanakondoo aliyepotea kwenye theluji. Sisi theluji hatujaiona. Mara ya kwanza nilidhani amepotelea kwenye mashine ya kusaga unga. Mama alipoletwa kuona mazoezi alisema hiyo ni mvua ya mawe, na hao watu ngano yao mwaka huo imekwisha. Mwanakondoo alitembea, akatembea, ala zote zikiteremka chini naye, mpaka akaanguka na kufunga macho. Okestra ikanyamaza. Hapo, kutoka mbali, alisikia kengele ya shingoni mwa mama yake. Mlio mmoja. Akainua kichwa, na vayolini moja ikaanza kuimba peke yake, na ikaimba mpaka akasimama.

Vayolini hiyo ilikuwa ya Apiyo. Kengele ilikuwa mimi.

"Adongo, wewe ndiye mama wa huyu kondoo," Mwalimu Njoki aliniambia. "Haonekani mpaka mwisho, lakini bila yeye mtoto anakufa."

Nilidhani ananibembeleza. Watu wazima husema hivyo kwa mtoto aliyepewa kazi ya kubeba viti. Nilichokiona mimi ni kwamba nagonga mara moja, halafu watu wote wanamtazama Apiyo kwa dakika mbili nzima.

Nyumbani tulifanya mazoezi jikoni. Yeye alishika mwiko badala ya upinde, mimi nikagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Apiyo alikuwa na sikio la ajabu lakini hesabu ilimshinda; akifika kumi na kitu anaanza kusikiliza muziki na kusahau yuko wapi.

"Mimi sitahesabu," aliniambia. "Wewe uhesabu. Ukipiga tu, naingia."

"Na nisipopiga?"

Alinitazama kama nimemuuliza kama jua litachomoza. "Si utapiga."

Asubuhi ya onyesho sikunywa uji. Mama aliona, akaacha mashine, akaja akachuchumaa mbele yangu. Apiyo alikuwa tayari mlangoni, kasha la vayolini mkononi, viatu vimepakwa rangi.

"Kama mmoja hataki kwenda, mseme sasa," Mama alisema. "Hakuna kulazimishana. Wote mtabaki nyumbani, nitapika chapati, yaishe."

Alimaanisha. Neno moja kutoka kwangu na Apiyo angefungua kasha, aweke vayolini kitandani, ale chapati. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamwangalia Apiyo. Hakunisihi, aliangalia viatu vyake tu. Nikasema naenda. Usidhani nilimhurumia. Niliona tu kwamba nikikataa, kila mtu atajua ni mimi niliyemzuia, na mimi nilikuwa mtoto wa kijicho lakini sikutaka kujulikana.

Ukumbi ulijaa. Akina mama walikuwa wamebandika blanketi kwenye madirisha ili mchana uwe giza, na ndani kulinuka sufu, chai na watoto waliokojoa. Mama alikaa mstari wa mbele na koti lake la harusi. Katuni za kwanza zilikwenda vizuri. Kulikuwa na jogoo mvivu, na sherehe ya vyura iliyowachekesha wazee mpaka mmoja akavua miwani kuifuta. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, upande wa ngoma, na kazi yangu ilikuwa kutazama migongo.

Katuni ya mwanakondoo ikaanza. Nikahesabu. Hilo nalijivunia, nilikuwa nahesabu vizuri kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu mwenye wivu hasahau hata moja. Nilipofika arobaini nikainua macho nimtafute Mama, kama tulivyozoea. Kila mahali Mama alipotutazama alinitazama mimi, kisha Apiyo, kisha mimi, kama mtu anayemimina chai kwenye vikombe viwili asije akazidisha. Nilingoja zamu yangu.

Haikuja. Mwanga wa ile theluji ulimpiga Mama usoni nikamwona vizuri sana. Alikuwa amekunja mikono kifuani, mdomo umefunguka kidogo, anamtazama Apiyo. Ala zilikuwa zikishuka, Apiyo alikuwa ameshainua vayolini begani anangoja, na Mama hakuhamisha macho. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Mwanamke aliyefunga bandeji kwenye mguu mzima, aliyepima sweta kwa sweta na samaki kwa samaki, alikuwa amesahau kwamba ana mtoto mwingine. Samaki hukatwa katikati. Macho hayakatwi. Nilielewa hivyo nikiwa na miaka kumi.

Mwanakondoo akaanguka. Okestra ikanyamaza. Mwalimu Njoki akaninyooshea mkono. Nikainua kijiti, nikakishusha kwa nguvu, mbele ya watu wote, kwa wakati hasa. Ila kwa mkono mwingine nilikuwa nimeachia uzi nikakifumbata chuma.

Kilifanya *tk*, kama ukucha kwenye meza. Mtoto mchanga alikuwa akilia huko nyuma na yeye akakimeza hicho kidogo kilichotoka.

Kwenye shuka, mwanakondoo aliinua kichwa. Hakuna kilichoimba. Akasimama kimya, akatembea kimya, na ukumbi mzima ulisikia mashine ya picha ikinguruma. Mwalimu Njoki alimtolea Apiyo macho, akamwigizia upinde kwa mkono. Apiyo hakumwona. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Niliona sikio lake, lile la upande wangu, likingoja. Halafu akafanya jambo ambalo tulikatazwa kabisa: akageuka kitini, akawapa watu mgongo, akanitafuta mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, kama nimeanguka huko nyuma na hakuna aliyeniona. Nilikuwa nimesimama wima, kijiti mkononi. Nikaitikia kwa kichwa kumwonyesha kwamba nimeshapiga.

Aliingia hapo, kwa kuchelewa. Wimbo wa mtoto aliyepotea ulipigwa wakati mtoto ameshafika kwa mama yake ananyonya. Watu wachache walicheka. Wengi walipiga makofi, maana watu wa Eldoret wana adabu.

"Sikuisikia," Apiyo alisema nyuma ya jukwaa. Alilisema tena na tena. "Mwalimu, sikuisikia."

"Lakini alipiga, nilimwona na macho yangu," alisema Mwalimu Njoki. Akanigeukia. "Adongo, si ulipiga?"

Mama alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na koti lake la harusi. Apiyo naye alinitazama. Angeniamini hata ningesema nini.

"Nilipiga," nikasema.

Kwa Mama, jambo likawa la hospitali. Mtoto ambaye hakusikia kengele ni mtoto mwenye ugonjwa wa masikio. Jumatatu tulipelekwa sote wawili, kwa kuwa pacha hawabaguliwi, na daktari akatupiga maji ya vuguvugu masikioni kwa bomba la sindano mpaka yakashuka shingoni. Kwa Apiyo alitoa nta kutoka sikio la kushoto, kiasi kile kilicho kwenye sikio la binadamu yeyote. Mama alipomuuliza kama hiyo ndiyo iliyomzuia kusikia, akasema inawezekana, akaita mgonjwa mwingine. Basi, ikawa hivyo. Apiyo ana sikio bovu, la kushoto, lile la upande wa vayolini. Kutoka kwangu alitoa nta nyingi kuliko yake, lakini hakuna aliyeuliza.

Mazoezi yaliyofuata hakuyaweza. Alikuwa akigeuza kichwa kila mara anitazame mkono, hataki tena kuamini anachosikia. Akaingia mapema, akaingia kwa kuchelewa, akalia. Kabla ya Krismasi alimwambia Mama ameacha. Vayolini ikapewa kijana mwingine. Nilifurahi, siwezi kusema uongo hapa. Nilifurahi siku nne au tano. Kisha Mama akanijia na mkono umenyooshwa nimpe ile pembetatu airudishe, kwa sababu mmoja akitoka wote wanatoka. Nililia kuliko Apiyo. Sikujua mpaka siku hiyo kwamba nilikuwa naipenda.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi na Apiyo tulikuwa tunavaa nguo za uzi mmoja. Yeye alikua na lile sikio. Shuleni aliomba kukaa upande wa kushoto wa darasa ili walimu wawe kuliani kwake. Simu huishika upande wa kulia tu. Wanawe wakimwita kutoka kushoto huita mara mbili, kwa sauti kubwa, kwa sababu wamelelewa wakijua mama yao hasikii upande huo. Akiambiwa akapimwe hucheka. Anasema mtu hapimi kitu anachokijua tangu utotoni. Mimi huwa hapo, nakunywa chai, nacheka naye.

Mwezi uliopita alinipigia simu.

"Adongo, umeona hiyo tangazo? Kuna okestra ya vijana inapiga muziki ya katuni za zamani, hapo mjini, Jumamosi saa nane. Iko na ile ya kondoo."

"Kondoo gani?"

"Wewe! Kondoo wetu."

Alikuja kutoka Moi's Bridge na gunia dogo la mahindi mabichi yangu, amevaa vizuri, ananukia sabuni. Ukumbini alinionyesha kiti cha kulia kwake. "Kaa huku, hapo kwingine sitakusikia." Nikasema upepo wa mlango unanipiga. Nikakaa kushoto.

Pembetatu ilikuwa kwa binti wa miaka kama kumi, mwenye miwani, nyuma kabisa, upande wa ngoma. Nilimchukia kabla hajafanya lolote. Katuni zilipita, wazee wakacheka walipotakiwa kucheka, kisha ukuta ukawa mweupe na mwanakondoo akaanza kutembea. Midomo ya yule binti ilikuwa ikihesabu. Nami nikawa nahesabu naye. Ala zilishuka, mwanakondoo akaanguka, kukawa kimya, na binti akainua uzi juu kabisa, mbali na mwili wake, akagonga.

Sikuwa nimewahi kuisikia sauti hiyo ikifika pale mbele ya watu. Ilitoka nyuma ikapita juu ya vichwa vya watu bila haraka, ikabaki hewani, na mwanakondoo akainua kichwa kwa sababu amesikia. Vayolini ikaingia. Nikatazama magoti ya Apiyo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mshipi wa mkoba, na vidole vinne vilikuwa vikibonyeza, kimoja baada ya kingine, bila kukosea, pamoja na yule kijana wa jukwaani. Nadhani hakujua anafanya hivyo.

Wivu ukanijaa, na safari hii haukuwa wa Apiyo. Nilimwonea wivu yule binti wa nyuma. Yeye alipiga tu, kama alivyofundishwa, na baada ya hapo ataenda nyumbani atakula atalala.

Nikainama kwenye sikio la kushoto la dada yangu. Hakuna mtu duniani anayejua zaidi yangu kwamba sikio hilo ni zima, lakini uongo ukikaa nawe miaka mingi unauegemea kama ukuta. Nilisema polepole, chini ya vayolini.

"Siku ile nilikishika chuma. Hukusikia kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia. Ni mimi."

Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa mwanakondoo. Nikaegemea kiti changu nikashusha pumzi, nikajiambia nimeshasema, na kama hakusikia basi hilo si langu tena. Mwanakondoo alimfikia mama yake. Taa zikawashwa, watu wakasimama kupiga makofi.

Apiyo hakusimama. Aliinua mkono taratibu akaligusa sikio lake la kushoto, akalivuta kidogo, kama vile Mama alivyokuwa akituvuta masikio tukichelewa kutoka sokoni.

"Adongo."

"Eeh."

"Umeniambia hiyo kitu kwa sikio gani?"

Binti wa pembetatu alikuwa akiinama, na watu walikuwa wakimpigia makofi na yeye.

"La kushoto," nikamjibu.